Jando: tumeshika kisu, mafundisho yametuponyoka

Na Mwandishi Wetu

Alfajiri ya Agosti, katika mwaka wa namba shufwa, kijana wa Kibukusu anashushwa mtoni akiwa uchi. Maji ni ya baridi kali, na ndivyo inavyotakiwa. Anapakwa tope kutoka utosini hadi nyayoni, kisha anapandishwa nyumbani umati ukimzunguka kwa wimbo wa sioyaye. Uani kwa baba yake, ngariba anamngoja. Kijana anasimama wima, macho mbele, bila ganzi. Akipepesa jicho, watu wameona. Akirudi nyuma hatua moja, ukoo wake utasutwa kwa miaka. Kazi yenyewe haichukui muda. Filimbi inapulizwa, vigelegele vinapaa, na yule aliyeshuka mtoni mtoto sasa anahesabiwa mwanamume.

Hayo hujirudia Bungoma na Trans Nzoia nchini Kenya, na pia upande wa pili wa Mlima Elgon kwa Wamasaba wa Uganda, ambako msimu wa imbalu, yaani tohara yao, hufunguliwa katika uwanja wa Mutoto, karibu na mji wa Mbale. Kila msimu unapowadia, ubishi wa zamani nao hufufuka. Wapo wanaosema ni ukatili uliopitwa na wakati na watoto wote wapelekwe hospitali. Wapo wanaojibu kuwa mwacha mila ni mtumwa, na kwamba mwanamume asiyeonja uchungu ni mwanamume wa jina tu.

Makala haya yanasema kwamba pande zote mbili zimekodolea macho kisu, na hazijauliza yako wapi yale yaliyokizunguka. Ushahidi kutoka Kenya, Tanzania, Uganda na Afrika Kusini unaelekea upande mmoja: jando limekuwa hatari zaidi pale ambapo mafundisho yake yamekwisha na maumivu peke yake ndiyo yaliyobaki. Ikiwa ni hivyo, anayelinda kisu halindi mila, na anayehamishia kisu hospitali bila kuhamisha mafundisho ametibu nusu ya ugonjwa.

Kilichokuwa ndani ya jando

Mwaka 1909 mwanazuoni Arnold van Gennep alionyesha kwamba mila za kuvuka rika, popote duniani, hupitia hatua tatu: mtu hutengwa na maisha yake ya zamani, hukaa kwa muda pembezoni akiwa si huyu wala si yule, kisha hurudishwa kwa jamii akiwa na hadhi mpya. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki hilo si jambo geni. Mvulana hutolewa kwa mama yake, huwekwa kumbini, kisha hutolewa nje kwa ngoma na nguo mpya. Tohara ilikuwa tukio la asubuhi moja ndani ya shughuli ya majuma au miezi, na uzito wa shughuli hiyo haukuwa katika asubuhi ile.

Tuchukue Wabukusu hao hao. Kabla ya kisu, kijana huzunguka kwa jamaa zake akigonga kengele za chinyimba, akiwaalika mmoja mmoja. Lazima afike kwa mjomba, ndugu wa mama yake, na mjomba hana budi kumpa haki yake. Mzunguko huo humfundisha kijana ukoo wake kwa miguu: nani ni nani, nani amekosana na nani, na deni gani la mahari halijalipwa. Baada ya kisu huja siku za kuuguza jeraha, zenye miko ya chakula na nasaha za wakubwa: usimguse mke wa mtu, heshimu wazee, linda boma, jenga nyumba yako. Hatimaye kijana hupata rika. Wabukusu wana marika manane yanayopokezana: Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikewi, Nyange, Maina, Chuma na Sawa. Wenzake wa rika watamkosoa, watamzika na watamsimamia katika ndoa ya mwanawe. Hayo yote kisu hakiyatoi.

Pwani nako mambo yalikuwa yale yale kwa sura nyingine. Kitabu cha desturi za Waswahili kilichochapishwa mwaka 1903, ambacho sehemu yake kubwa ni maelezo ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, kinaeleza jando na unyago kama shughuli zenye walimu wake, nyimbo zake na miko yake. Unyago wa jamii nyingi za pwani haukuwa na kisu hata kidogo. Mwari alikaa ndani, akafundwa na kungwi au somo wake, akatolewa akiwa mtu mzima. Kama kisu kingekuwa roho ya mila hizi, unyago wa pwani usingekuwa mila, na hakuna mzee wa pwani atakayelikubali hilo.

Wamasai wanatupa ushahidi mwingine. Mwaka 2018 shirika la UNESCO liliorodhesha mila tatu za wanaume wa Kimasai miongoni mwa urithi unaohitaji kulindwa haraka: Enkipaata, inayowaandaa wavulana, Eunoto, inayowavusha morani kwenda utu uzima, na Olng'esherr, inayowaingiza kwenye uzee. Tohara hufanyika katikati ya safari hiyo, lakini kati ya mila hizo tatu zinazohofiwa kutoweka, hakuna hata moja iliyo tohara yenyewe. Kilicho hatarini kupotea ni mafunzo, mikutano na mpangilio wa marika.

> Tohara ilikuwa tukio la asubuhi moja ndani ya shughuli ya majuma au miezi.

Jando la wakati wa likizo

Yamekwenda wapi mafunzo hayo? Yamebanwa na kalenda. Mtoto anayesoma hawezi kukaa kumbini miezi mitatu, kwa hiyo jando limesukumwa kwenye likizo za shule. Katika mikoa ya Lindi na Mtwara, kusini mwa Tanzania, viongozi wa serikali wamekuwa wakisisitiza kwamba jando na unyago vifanyike likizo ili watoto wasikose masomo, na agizo hilo ni la busara. Magharibi mwa Kenya shughuli huangukia Agosti. Kwa Waxhosa wa Afrika Kusini, makao ya porini yaliyokuwa yakichukua miezi sasa huchukua majuma machache ya likizo ya Juni na ya Desemba.

Muda ukipungua, kitu gani hupunguzwa? Nasaha zinaweza kufupishwa. Kuwazungukia jamaa kunaweza kufanywa kwa simu. Siku za kumbini zinaweza kupunguzwa hadi jeraha linapokauka, au hata kabla. Kukata hakufupishiki: kumefanyika au hakujafanyika. Ndiyo maana kila mwaka wa pilikapilika umelipunguza jando kutoka upande wa elimu, na upande wa maumivu ukabaki kama ulivyokuwa. Kisha pengo lililoachwa na wazee likajazwa na vitu vingine: spika za muziki usiku kucha, pombe, sare zenye picha za wanasiasa, na watu wanaotoza ada.

Mabadiliko haya hayana mkosaji mmoja. Mzazi aliyehamia mjini hana msitu wala mto. Babu aliyejua maneno ya kumbini amefariki na hakuyaandika. Mjomba anaishi nchi nyingine. Wengi waliobaki wanajua kwamba mtoto lazima akatwe, lakini hawajui tena afundishwe nini baada ya kukatwa. Katika hali hiyo ujasiri wa kutopepesa jicho umegeuka mtihani wenyewe, ilhali zamani ulikuwa mlango wa kuingilia darasani.

Makaburi ya Eastern Cape

Mahali ambapo matokeo ya mageuzi haya yameonekana waziwazi kuliko kwingine ni mkoa wa Eastern Cape, Afrika Kusini. Tohara ya Waxhosa, ulwaluko, ni mila inayoheshimiwa sana. Nelson Mandela aliipitia mwaka 1934 kando ya mto Mbashe, naye akaisimulia katika kitabu cha maisha yake. Hata hivyo, tangu miaka ya 1990 mamia ya vijana wamefia kwenye mabanda ya porini, na wengine wamekatwa uume baada ya jeraha kuoza. Mwezi Mei 2013, katika mkoa mwingine wa nchi hiyo, Mpumalanga, zaidi ya vijana 20 walikufa katika muda wa siku chache za msimu mmoja.

Sababu za vifo hivyo zinajulikana. Kijana hunyimwa maji siku za mwanzo, na mwili hukauka hadi figo zinashindwa kazi. Bandeji hukazwa mno, damu haipiti, nyama inakufa. Kisu kimoja hutumika kwa wengi na kidonda kinaingia vijidudu. Mlinzi wa kijana anaweza kuwa naye ni barobaro aliyetoka porini juzi, na akiulizwa kuhusu homa hujibu kwa fimbo. Hayo hayasababishwi na uchungu wa tohara kama tohara. Husababishwa na kukosekana kwa mtu mzima mwenye ujuzi, aliye karibu, anayejua kwamba ataulizwa.

Jambo la kutazamwa kwa makini ni mahali vifo vilikokithiri. Eneo la Wapondo, mashariki mwa mkoa huo, limetajwa mara kwa mara kuwa baya kuliko mengine. Wapondo waliacha tohara katika karne ya 19, enzi za mfalme wao Faku, na vijana wao wakairudisha vizazi kadhaa baadaye, hasa kuelekea mwisho wa karne ya 20. Baba na babu wa vijana hao wengi hawakuwahi kutahiriwa kimila, kwa hiyo hawakuwa na la kufundisha wala haki ya kuingia bandani kukagua. Mila ilirudi ikiwa na kisu, haikurudi na walimu. Penye ombwe hilo wafanyabiashara wa jando wakajitokeza, wakawachukua watoto wa shule bila idhini ya wazazi na kuwafungulia makambi yasiyosajiliwa.

Gharama ya ombwe hilo imeonekana hata kwenye chumba cha upasuaji. Tarehe 11 Desemba 2014, madaktari wa hospitali ya Tygerberg na Chuo Kikuu cha Stellenbosch, wakiongozwa na Profesa André van der Merwe, walimpandikizia kijana wa miaka 21 uume uliotoka kwa marehemu, na kwa mara ya kwanza duniani upandikizaji wa namna hiyo ukafanikiwa. Alikuwa ameupoteza wa kwake kutokana na tohara iliyoharibika. Tiba ya hali ya juu kiasi hicho ilipata nafasi ya kuzaliwa katika nchi hiyo kwa sababu wahitaji walikuwapo.

> Mila ilirudi ikiwa na kisu, haikurudi na walimu.

Hoja ya kwanza: maumivu ndiyo mwalimu

Watetezi wa jando gumu wana hoja ambayo haifai kupuuzwa. Wanasema kijana hakumbuki hotuba, hukumbuka uchungu. Na kwamba waliouma meno pamoja hupendana kuliko waliokaa pamoja darasani. Utafiti wa saikolojia unawaunga mkono kwa sehemu. Mwaka 1959 Elliot Aronson na Judson Mills wa Marekani walionyesha kwamba wanafunzi waliopitishwa kwenye sharti la aibu kabla ya kujiunga na kikundi walikithamini kikundi hicho kuliko walioingia bila taabu, ingawa mazungumzo waliyosikilizishwa yalikuwa ya kuchosha makusudi. Mtu akilipa bei kubwa hujishawishi kwamba alichonunua ni cha thamani.

Lakini tuusome utafiti huo hadi mwisho. Taabu iliwafanya wapende kikundi kisichokuwa na maana yoyote. Kwa maneno mengine, maumivu hufunga watu kwenye chochote kilicho mbele yao, kiwe chema au kiovu. Magenge ya mitaani huwapiga wanachama wapya kwa sababu hiyo hiyo, na mabweni ya shule huwaonea wageni kwa sababu hiyo hiyo. Uchungu ni gundi, na gundi haichagui inachokishika. Kinachomfanya kijana awe mtu mzima mwenye adabu, badala ya mtiifu wa genge, ni yale anayoambiwa wakati moyo wake uko wazi. Ukiondoa maneno hayo ukaacha uchungu, unaweza kupata mshikamano, lakini hujui ni mshikamano wa kufanya nini.

Historia nayo inajibu. Wajaluo wa Kenya na Tanzania hawakuwa na tohara. Alama yao ya kuvuka rika ilikuwa kung'olewa meno sita ya mbele ya chini, bila ganzi. Mila hiyo ilififia katika karne ya 20, na hakuna anayesema Wajaluo wamekwisha au wanaume wao ni watoto. Wazulu waliacha tohara tangu enzi za Shaka, mwanzoni mwa karne ya 19, na jeshi lao likaendelea kuogopwa. Mfalme wao Goodwill Zwelithini alipoirudisha, tangazo likitolewa mwishoni mwa mwaka 2009, alielekeza ifanywe kwa njia ya kitabibu ili kupunguza maambukizi ya Virusi vya Ukimwi. Jamii zimeweka maumivu, zimeyaondoa, zimeyabadilisha, nazo zimebaki jamii.

Hoja ya pili: haya ni maneno ya wageni

Hoja nyingine ni kwamba vita dhidi ya mila vililetwa na wakoloni. Nayo ina ukweli wake. Mwaka 1929 wamisheni wa Kiskoti na wenzao katika nchi ya Wakikuyu waliwataka waumini waape kuachana na tohara ya wasichana. Maelfu walitoka makanisani na kuanzisha shule zao wenyewe, na suala la mwili wa msichana likageuka suala la ardhi na uhuru. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake cha mwaka 1938 kuhusu maisha ya Wakikuyu, alitetea tohara hiyo akisema ndiyo kiini cha mfumo mzima wa elimu, maadili na utaratibu wa kabila.

Mwaka 1956 baraza la wazee wa Meru, Njuri Ncheke, lilipiga marufuku tohara ya wasichana kwa msukumo wa maofisa wa kikoloni. Matokeo yake ni somo kwa kila mtunga sheria. Wasichana walinunua nyembe madukani wakakatana wenyewe kwa wenyewe, bila wazee na bila mafundisho, wakapewa jina la Ngaitana. Katika miaka mitatu watu zaidi ya 2,400 walishitakiwa. Marufuku iliwaondoa walimu ikaacha wembe, jambo lile lile tuliloliona kwa Wapondo miaka mingi baadaye kwa njia tofauti.

Hata hivyo, hoja ya ukoloni haimalizi mjadala. Kenyatta alidhani ukikiondoa kisu mfumo wote utaanguka. Zaidi ya miaka 80 imepita. Wanawake wengi wa Kikuyu wa leo hawakukatwa, na Ukikuyu upo. Aidha, wanaodai mabadiliko leo si wamisheni. Ni akina mama wa Tharaka, wauguzi wa Tarime, wazee wa Bungoma na wabunge waliochaguliwa na wananchi. Mila inayobadilishwa na wenyewe haijaingiliwa. Imefanya kile ambacho mila hai hufanya.

Kisu kinapogeuzwa silaha

Mafundisho yakiondoka, kisu kinaweza kuhamia mikono mingine. Katika ghasia za baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, wanaume wa Kijaluo walikamatwa na magenge na kukatwa kwa nguvu. Majaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, walipothibitisha mashtaka mwezi Januari 2012, waliviorodhesha vitendo hivyo miongoni mwa vitendo vya kinyama, ingawa kesi yenyewe haikufika hukumuni. Mwezi Agosti 2014, katika msimu wa tohara, wanaume wa jamii nyingine walivamiwa Moi's Bridge na kukatwa hadharani. Hakuna mwalimu wa jando wa zamani ambaye angeyaita hayo elimu. Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 sasa inakataza waziwazi kumtahiri mtoto wa kiume kwa nguvu, lakini mtu mzima anayekimbizwa barabarani anahitaji zaidi ya kifungu cha sheria. Anahitaji wazee watakaosema hadharani kwamba kitendo hicho si cha kwao.

Hospitali peke yake haitoshi

Wapo wanaoona jibu ni rahisi: kila mvulana apelekwe hospitali. Hoja ya afya ina nguvu. Majaribio yaliyofanywa Orange Farm nchini Afrika Kusini, Kisumu nchini Kenya na Rakai nchini Uganda yalionyesha kwamba tohara hupunguza kwa takriban asilimia 60 uwezekano wa mwanamume kuambukizwa Virusi vya Ukimwi kutoka kwa mwanamke, na mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza. Kenya ilizindua kampeni mwaka 2008, viongozi wa Kijaluo wakaipigia debe, na mamia ya maelfu ya wanaume wakajitokeza.

Lakini utafiti uliofanywa Bungoma na kuchapishwa mwaka 2008 unatutahadharisha. Wavulana na wanaume wapatao 1,000 walifuatiliwa. Kati ya waliotahiriwa kimila, asilimia 35 walipata madhara, hasa kuvuja damu na vidonda kuambukizwa. Kati ya waliotahiriwa kwenye zahanati na hospitali, walioumia walikuwa asilimia 18. Hospitali ilikuwa salama mara mbili, na bado karibu mmoja kati ya watano aliumia, kwa sababu wahudumu wengi hawakufunzwa kazi hiyo na vifaa vilikuwa pungufu. Koti jeupe bila ujuzi haliponyi. Usalama hutokana na mafunzo, vifaa safi na mtu wa kuwajibika, awe zahanati au kumbini.

Kuna hasara nyingine ambayo takwimu hazioneshi. Katika miji ya pwani na bara, watoto wengi hutahiriwa wakiwa wachanga au wadogo, wakarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Hawakuumia sana, na hilo ni jema. Lakini wakifika miaka 15 hakuna mtu anayewaketisha kuwaambia lolote kuhusu mwili, mke, kazi, hasira na pesa. Kazi ya kungwi imeachiwa simu. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu wa sasa unafundisha saa 24.

Kwa msichana hakuna kisu salama

Yaliyosemwa hadi hapa kuhusu kuboresha tohara hayawahusu wasichana. Ukeketaji hauna faida yoyote ya kiafya. Huondoa kiungo kizima chenye kazi yake, na huleta kuvuja damu, maambukizi na taabu za uzazi. Kuupeleka kwa muuguzi, kama inavyofanyika kwa siri katika baadhi ya maeneo ya Kisii, ni kuuvika kanzu safi. Tanzania iliukataza kwa walio chini ya miaka 18 mwaka 1998, Uganda ikatunga sheria mwaka 2010, na Kenya mwaka 2011. Daktari Tatu Kamau alipokwenda mahakamani kudai mwanamke mtu mzima aachiwe hiari, Mahakama Kuu ya Kenya ilimkatalia mwezi Machi 2021.

Kiwango kimekuwa kikishuka. Nchini Kenya, wanawake wa miaka 15 hadi 49 waliokeketwa walikuwa asilimia 38 mwaka 1998 na asilimia 15 mwaka 2022. Tanzania ilitoka asilimia 18 mwaka 1996 hadi asilimia 8 mwaka 2022. Sheria imesaidia, elimu imesaidia. Na mfano mmoja unaonyesha njia ya hoja hii nzima. Mwaka 1996, huko Gatunga, Tharaka, akina mama wakishirikiana na shirika la Maendeleo ya Wanawake walianzisha Ntanira na Mugambo, tohara ya maneno. Wasichana walitengwa kwa siku kadhaa, wakafundwa, wakatolewa hadharani kwa nyimbo, zawadi na wazazi wao wakiwa mashahidi. Kila kitu kilikuwapo isipokuwa wembe. Utaratibu kama huo haukufaulu kila ulikopelekwa, hasa pale ulipogeuzwa semina ya wasichana peke yao bila baba, nyanya na wachumba watarajiwa kukubali. Ulipofanywa na jamii yenyewe, ulisimama.

> Kila kitu kilikuwapo isipokuwa wembe.

Nani atajibu?

Afrika Kusini, baada ya kuzika wengi, ilitunga Sheria ya Jando la Kimila ya mwaka 2021. Haikupiga marufuku. Ilitaka kila shule ya jando isajiliwe, kijana awe amefikisha miaka 16, apimwe afya kabla ya kuingia, wazazi wa mtoto waridhie kwa maandishi, na kuwe na kamati za kitaifa na za mikoa za kusimamia. Makambi ya siri bado yapo na vifo havijakoma, kwa hiyo hakuna atakayesema sheria ni dawa. Lakini imeweka swali mahali pake: kijana akifa, nani ataitwa kwa jina lake ajibu?

Swali hilo ndilo linalokosekana katika misimu mingi ya Afrika Mashariki. Ngariba asajiliwe na kufunzwa na idara ya afya ya kaunti au wilaya, na kila kijana awe na wembe wake. Kijana apimwe kabla, na apewe maji na chakula baada. Anayetaka ganzi apewe, na asiyeitaka asilazimishwe, mradi awe na umri wa kuamua. Anayekwenda hospitali asizomewe. Anayemkata mtu kwa nguvu afungwe. Hayo ni majukumu ya serikali, nayo hayagusi hata wimbo mmoja wa mila.

Lililo gumu zaidi ni la wazee na wazazi, kwa sababu serikali haiwezi kufundisha ukoo. Mabaraza ya wazee, misikiti na makanisa yaandike mafundisho ya kumbini ambayo bado yana mtu anayeyakumbuka, yachuje yanayomdharau mwanamke, yaongeze yanayohusu mambo ya leo, kisha yatenge majuma mawili ya likizo kwa ajili ya vijana wote, waliotahiriwa hospitalini utotoni na waliotahiriwa mtoni juzi. Mjomba alipe nauli arudi. Baba akae kumbini badala ya kulipia spika. Kama jamii haina muda wa kufanya hivyo, iseme ukweli kwamba jando lake limekwisha, na iache kuwakata watoto kwa jina la kitu ambacho haikifanyi tena.